Mganga hajigangi: Kampeni nne za Daktari Kizza Besigye kugombea urais wa Uganda (2001-2016)

1. Dibaji

Methali isemayo "Mganga hajigangi" hujulikana popote Kiswahili kinaposemwa, lakini neno lake la kwanza halina uzito mmoja kila mahali. Mashariki mwa Kongo na Katanga, munganga ni mtu wa hospitali, mwenye koti jeupe na shahada ya chuo kikuu. Nchini Tanzania, mganga aweza pia kuwa mtu wa mitishamba, na yule wa hospitali akaitwa daktari au tabibu. Hata hivyo, fundisho la methali halibadiliki: ujuzi wa kuponya wengine haumwezeshi mtu kujiponya mwenyewe, wala kuuponya mwili ambao yeye ni kiungo chake.

Wasomaji wa Kongo wana sababu ya kuitafakari upya methali hiyo. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa Hospitali ya Panzi mjini Bukavu na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, aligombea urais wa Jamhuri. Mtu ambaye dunia nzima ilikuwa imemsikiliza hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Heshima aliyoipata kando ya vitanda vya wagonjwa haikugeuka kuwa kura.

Katika nchi jirani ya Uganda, tabibu mwingine alikuwa amekwisha kupita njia hiyo mara nne: 2001, 2006, 2011 na 2016. Kizza Besigye hakukosa wapigakura. Katika kila uchaguzi alipata zaidi ya robo ya kura zote, na katika chaguzi mbili zaidi ya theluthi. Lakini hakushinda hata mara moja. Kinachohitaji kuelezwa, basi, ni kwa nini kura nyingi kiasi hicho hazikutosha, na kushindwa huko kulifunua nini. Sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo moja: Besigye alipambana na mfumo ambao yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa mafundi wake.

2. Tabibu wa msituni

Besigye alizaliwa mwaka 1956 huko Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kongo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Makerere, akahitimu mwaka 1980. Desemba ya mwaka huohuo ulifanyika uchaguzi uliomrudisha Milton Obote madarakani. Yoweri Museveni, kiongozi wa chama kidogo cha UPM, hakupata hata kiti chake cha ubunge. Akidai kwamba uchaguzi uliibwa, alianzisha vita vya msituni tarehe 6 Februari 1981. Besigye, aliyekuwa mfuasi wa chama hicho, alijiunga na wapiganaji katika eneo la Luweero mwaka 1982, akawa tabibu wa Museveni mwenyewe. Hili ni la kukumbukwa katika yote yatakayofuata: urafiki wa watu hawa wawili ulikomazwa na vita ambavyo chanzo chake kilikuwa malalamiko ya uchaguzi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo jambo jingine la kuzingatia. Lugha ya amri katika jeshi la msituni ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika majeshi ya Uganda tangu wakati wa ukoloni. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo liliongeza tu chuki ya raia wengi, hasa katika Buganda, ambako Kiswahili kilisikika kama sauti ya askari anayegonga mlango usiku. Baada ya 1986, maneno kama afande na mchakamchaka yaliingia katika msamiati wa siasa. Mchakamchaka, ambao kwa asili ni mwendo wa askari wa kukimbia wakiimba, ulikuwa sasa jina la mafunzo ya siasa yaliyotolewa kwa raia ili waifahamu itikadi ya Vuguvugu, yaani mfumo wa utawala usio na ushindani wa vyama.

Besigye alikuwa katikati ya kazi hiyo. Jeshi la Museveni lilipoiteka Kampala mnamo Januari 1986, tabibu huyo aliingia serikalini akiwa na umri wa miaka 30 hivi, kwanza kama waziri mdogo wa mambo ya ndani. Mwaka 1988 alikuwa waziri mdogo katika Ofisi ya Rais na Kamisaa wa Siasa wa taifa, yaani mhubiri mkuu wa itikadi hiyo. Baadaye alirudi jeshini, akaongoza kikosi cha magari ya vita huko Masaka, kisha akasimamia ugavi na uhandisi wa jeshi. Mwaka 1994 hadi 1995 aliliwakilisha jeshi katika Bunge la Katiba. Katiba iliyotoka humo iliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais, ikavifungia vyama shughuli nyingi, na ikasema kwamba anayepinga matokeo ya urais sharti afikishe shauri lake Mahakama ya Juu katika siku 10 tangu matokeo kutangazwa. Vifungu hivyo vitatu vitaonekana tena mbele.

3. Waraka wa 1999

Mnamo Novemba 1999, akiwa bado kanali, Besigye aliandika waraka juu ya namna Vuguvugu lilivyopoteza upana wake wa mwanzo. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba chombo kilichoahidi kuwakusanya Waganda wote bila kujali vyama kilikuwa kimegeuka kuwa chama kimoja kisichokiri kwamba ni chama, na kwamba maamuzi yalifanywa na wachache huku demokrasia ikihubiriwa kwa wengi. Waraka ulifuata njia ya tabibu: dalili kwanza, chanzo baadaye, na mwishoni shauri la matibabu.

Jibu la wakubwa wake halikugusa ugonjwa wenyewe, bali mahali ulipotangazwa. Afisa wa jeshi, walisema, hana ruhusa ya kutoa maoni ya siasa nje ya vikao vinavyomhusu, na akatishiwa kufikishwa mahakama ya kijeshi. Mwaka 2000 aliruhusiwa kustaafu jeshini, na mwezi Oktoba akatangaza kugombea urais.

Hapa ndipo tofauti yake na Mukwege inapoonekana. Besigye hakuwaomba watu kura kwa sababu aliwatibu. Aliwaomba kwa sababu alikuwa shahidi aliyetoka ndani. Wapinzani wa zamani waliweza kuitwa maadui wa mapinduzi, lakini jina hilo halikumkaa vyema mtu aliyemtibu kiongozi wa mapinduzi msituni.

4. Kampeni ya 2001: mtu mmoja bila chama

Uchaguzi wa tarehe 12 Machi 2001 ulifanyika chini ya mfumo wa Vuguvugu. Wagombea walijisimamia wenyewe bila vyama. Besigye hakuwa na matawi wilayani wala bendera yake. Mpinzani wake alikuwa na serikali nzima, kuanzia ikulu hadi mabaraza ya vijiji. Wakati huo jeshi la Uganda lilikuwa bado katika ardhi ya Kongo, na vita hivyo, pamoja na rushwa iliyohusishwa na jeshi, vilijadiliwa katika mikutano. Ghasia zilitokea sehemu mbalimbali, Rukungiri ikiwemo.

Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 69.3, na Besigye akapewa asilimia 27.8, yaani kura zaidi ya milioni 2. Alikwenda Mahakama ya Juu. Miezi michache baadaye, Agosti 2001, aliondoka nchini akisema maisha yake yamo hatarini, akaishi uhamishoni, hasa Afrika Kusini, kwa miaka minne.

5. Kampeni ya 2006: kati ya gereza na jukwaa

Alipokuwa nje, mambo mawili yalibadilika, na yalibadilika pamoja. Wapinzani waliunda chama cha FDC, kilichomchagua Besigye kuwa kiongozi wake, na kura ya maoni ya Julai 2005 ikaruhusu vyama kushindana tena. Lakini mwaka huohuo Bunge lilifuta ukomo wa vipindi viwili vya urais. Mlango wa vyama ulifunguliwa wakati uleule ambapo ule wa kumwondoa rais kwa kalenda ulifungwa.

Besigye alirudi tarehe 26 Oktoba 2005, akapokewa na umati mkubwa. Tarehe 14 Novemba alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini na ubakaji. Siku mbili baadaye, wakati Mahakama Kuu ya Kampala ikishughulikia dhamana ya washtakiwa wenzake, watu wenye silaha na mavazi meusi waliingia katika eneo la mahakama, tukio lililolaaniwa na majaji na mawakili. Tume ya Uchaguzi ilikubali jina lake la ugombea akiwa gerezani Luzira. Aliachiwa kwa dhamana tarehe 2 Januari 2006, akabaki na wiki saba tu za kampeni, tena akizigawa kati ya viwanja vya mikutano na vyumba vya mahakama. Mashtaka ya ubakaji yalitupwa na mahakama Machi 2006, baada ya kura kupigwa. Yale ya uhaini yalifutwa na Mahakama ya Katiba Oktoba 2010.

Pamoja na hayo yote, matokeo ya Februari 2006 yalikuwa ndiyo bora zaidi katika maisha yake ya siasa kwa hesabu ya asilimia: 37.4 dhidi ya 59.3 za Museveni. Kaskazini, katika Acholi na Lango, ambako raia wengi walikuwa wakiishi kambini kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA, watu walimpa kura kwa wingi mkubwa. Wapigakura hao hawakuwa na uhusiano wa kabila wala wa historia na mtoto huyu wa kusini-magharibi, aliyekuwa afisa wa jeshi waliloliogopa. Walimchagua kwa kuwa walitaka mabadiliko, na yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuyaleta.

6. Hukumu mbili: kasoro zipo, matokeo yabaki

Mashauri mawili aliyoyafikisha Mahakama ya Juu ndiyo urithi wa kudumu zaidi wa kampeni hizi. Mwaka 2001, mahakama ilikubali kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa katika mambo kadhaa, na kwamba katika baadhi ya maeneo misingi ya uchaguzi huru na wa haki ilivunjwa. Lakini sheria ilimtaka mlalamikaji athibitishe jambo la pili: kwamba kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Majaji watatu kati ya watano walisema hilo halikuthibitishwa. Mwaka 2006, mahakama ilikuta kwamba majina ya wapigakura yaliondolewa daftarini na kwamba kulikuwa na makosa katika kuhesabu na kujumlisha kura. Safari hii majaji wanne kati ya saba waliyaacha matokeo yasimame.

Ugumu wa kipimo hiki ni rahisi kuuona. Wakati huo mlalamikaji alipewa siku 10 za kukusanya ushahidi wa nchi nzima, na mahakama ilipewa siku 30 za kuamua. Katika muda huo alitakiwa aonyeshe, karibu kwa tarakimu, kwamba kasoro zilizothibitika zilizidi pengo la mamilioni ya kura. Ni kama familia ya marehemu kuambiwa kwamba kweli dawa iliyotolewa haikuwa sahihi, lakini wathibitishe kwanza kwamba mgonjwa angepona kama angepewa iliyo sahihi. Pengo likiwa kubwa, hukumu huwa ngumu zaidi kupatikana, hata kama ukubwa wa pengo hilo ndio unaolalamikiwa.

Hata hivyo, majaji wawili waliopinga mwaka 2001 walikuwa watatu mwaka 2006. Sauti moja ikihama, matokeo ya urais yangefutwa. Afrika Mashariki ililishuhudia jambo hilo tarehe 1 Septemba 2017, pale Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa urais kwa kutazama namna ulivyoendeshwa, wala si tarakimu peke yake. Nchini Uganda hukumu kama hiyo haikutolewa katika mashauri hayo, lakini swali lilikwisha kuulizwa hadharani, na limebaki ndani ya vitabu vya sheria.

7. Kampeni ya 2011: kuporomoka na kutembea

Mwaka 2011 Besigye alishuka hadi asilimia 26.0, na Museveni akapanda hadi 68.4. Sababu hazikuwa za aina moja. Vita vya kaskazini vilikuwa vimetulia, watu wamerudi vijijini mwao, na kura nyingi za hasira za 2006 zikapoa. Fedha nazo zilikuwa na nafasi yake: Januari 2011, wiki chache kabla ya kura, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya zaidi ya shilingi bilioni 600. Tena, idadi ya waliojitokeza kupiga kura ilishuka hadi asilimia 59 hivi. Waliobaki nyumbani nao walikuwa wamesema neno.

Safari hii Besigye hakwenda mahakamani, akisema hana tena imani kwamba atapata haki huko. Aprili 2011, bei za chakula na mafuta zilipopanda, alijiunga na wanasiasa wenzake katika maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini. Kosa gani liko katika kutembea? Polisi walimzuia mara kwa mara. Tarehe 28 Aprili walivunja kioo cha gari lake na kumpulizia dawa ya pilipili machoni kwa karibu sana, na tabibu akawa mgonjwa wa hospitali ya Nairobi. Alirudi Kampala tarehe 12 Mei, siku Museveni alipoapishwa, na barabara ya kutoka Entebbe ikajaa watu waliokuja kumlaki.

8. Kampeni ya 2016: tabibu arudi hospitalini

Baada ya kuuacha uongozi wa FDC mwaka 2012, wengi walidhani safari yake imekwisha. Lakini mwaka 2015 alimshinda Mugisha Muntu, mrithi wake, katika kura ya ndani ya chama, akagombea kwa mara ya nne.

Kampeni hii ilikuwa na jambo ambalo tatu za kwanza hazikuwa nalo kwa wazi namna hiyo: udaktari wenyewe. Novemba 2015, akipita Karamoja, aliingia Hospitali ya Abim, iliyojengwa miaka ya 1960. Picha za kuta zilizochakaa, vitanda vibovu na vyumba visivyo na vifaa zilienea nchi nzima. Hakuhitaji hotuba. Mwenye macho ya tabibu alionyesha kwa kidole, na kila mwananchi aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali ya serikali alielewa. Mamlaka yalikataza baadaye ziara za namna hiyo za wagombea hospitalini, na katazo hilo likaithibitishia kampeni kwamba mshale umefika.

Jambo la pili lilikuwa michango. Katika nchi ambako mgombea ndiye huwapa wapigakura fedha, chumvi na sabuni, wanavijiji walianza kumpa mgombea: noti za shilingi zilizokunjwa, kuku, mbuzi, hata viti. Mchango wa namna hiyo hauzidi nguvu za hazina ya serikali, lakini hubadili uhusiano. Anayetoa kuku wake hawezi kusema amenunuliwa.

Tarehe 18 Februari 2016 kura zilipigwa huku mitandao ya kijamii imefungwa. Besigye alikamatwa zaidi ya mara moja katika siku hizo, kisha akazuiliwa nyumbani kwake Kasangati. Alitangazwa kupata asilimia 35.6, kura zaidi ya milioni 3.5, nyingi kuliko wakati wowote, dhidi ya asilimia 60.6 za Museveni. Siku 10 za kufikisha shauri mahakamani zilipita akiwa amezingirwa na polisi. Kifungu kilichopitishwa na Bunge la Katiba alimokaa mwaka 1995 kilikuwa sasa kimemfungia mlango yeye mwenyewe. Tarehe 11 Mei, siku moja kabla ya Museveni kuapishwa, alionekana katika video akila kiapo cha urais, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Wakongomani waliosikia habari hiyo walikumbuka Desemba 2011, Étienne Tshisekedi alipojiapisha nyumbani kwake Limete, Kinshasa. Kiapo cha namna hiyo hakimpi mtu dola, ila chasema mbele ya watu kwamba hesabu ya kura haijakubaliwa.

9. Hitimisho

Besigye hakugombea tena mwaka 2021. Mgombea wa chama chake alipata asilimia 3 hivi, na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, ajulikanaye kama Bobi Wine, akapata karibu 35, kiasi kilekile cha 2016. Tarakimu hizo zafundisha jambo. Theluthi ile ya wapigakura haikuwa mali ya Besigye wala ya FDC. Ilikuwa kiu ya mabadiliko iliyotafuta chombo cha kuchotea, na yeye ndiye aliyeionyesha nchi, kwa miaka 15, kwamba kiu hiyo ipo na inaweza kuhesabiwa.

Novemba 2024 alitekwa mjini Nairobi, na siku chache baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na mwezi uliofuata akashtakiwa kwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Kanali aliyetishiwa kwa mahakama ya kijeshi mwaka 1999 kwa ajili ya waraka alikuwa amekutana nayo tena baada ya robo karne.

Tukirudi kwenye methali, mganga huyu hakushindwa kwa kukosa kuutambua ugonjwa. Aliutambua mapema, akauandika, akautangaza katika kila wilaya. Alishindwa kwa sababu dawa aliyoichagua, yaani kura, ilipaswa kupitia katika mishipa ileile iliyougua: tume, polisi, hazina na mahakama, vyombo ambavyo aliwahi kusaidia kuvijenga au kuvitetea alipokuwa Kamisaa wa Siasa. Wasomi watokao vyuo vikuu kwenda siasani, matabibu wakiwa miongoni mwao, huamini mara nyingi kwamba sifa njema itatosha. Kampeni nne za Besigye zaonyesha kwamba wakati wa kuvitengeneza vyombo vya uchaguzi ni pale mtu angali ndani, mwenye kalamu mkononi na rafiki zake madarakani, kabla hajahitaji yeye mwenyewe kutibiwa navyo.